Boti Unayolala Ndani Si Gari, Ni Nyumba

Kuna neno moja kwenye ripoti za mashirika limenichosha: "usafiri". Familia imekaa siku 3 juu ya maji, inaitwa usafiri. Mama anapika humo, mtoto anaharisha humo, mzee analala juu ya magunia, bado ni usafiri. Mimi nakataa. Mahali ambapo watu wanapika, wanalala, wananyonyesha na kujisaidia ni nyumba. Na kama ni nyumba, basi aliyewaweka watu humo anawajibika kwa vitu vilivyomo, si kwa mafuta ya injini peke yake.

Nafanya kazi na vijana hapa Lemon Gaba. Wakikosa kibarua mjini wanaenda bahar, yaani mtoni, kwenye maboti yanayobeba abiria na mizigo kutoka Juba kwenda Terekeka, Bor na mbele zaidi, mpaka kuvuka Sudd kufika Malakal. Kijana wa boti mara nyingi hana nyumba nyingine. Nguo zake ziko chini ya benchi, sufuria yake iko karibu na injini, neti yake ya mbu, kama anayo, imefungwa kwenye nguzo za turubai. Kule kaskazini abiria nao wanahamia botini. Tangu vita vya Sudan vianze tarehe 15 Aprili 2023, maelfu kwa maelfu wameingia Renk, na wengi wamepelekwa Malakal kwa maboti na matishari, yale majahazi mapana ya chuma. Safari ni siku 2 au 3. Jua ni hilo hilo, mvua ni hiyo hiyo, usiku ni huo huo.

Najua mtaniambia: barabara hakuna, mvua ikinyesha gari halipiti, boti ndiyo njia. Kweli kabisa. Lakini hoja hiyo iko upande wangu. Mwenye njia 2 anaweza kuikataa boti mbovu. Mwenye njia moja hawezi kukataa, kwa hiyo hiyo njia moja lazima iwe salama.

Angalieni tumezika watu wangapi. Januari 2014, watu waliokuwa wanakimbia mapigano Malakal walijazana kwenye boti moja, ikazama kwenye Nile, wakafa zaidi ya 200. Tarehe 22 Machi mwaka huo huo, boti ilipinduka Ziwa Albert ikiwa na Wakongo waliotoka kambi ya Kyangwali, Uganda, wanarudi kwao. Wakafa zaidi ya 100. Tarehe 3 Oktoba 2024, MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiangalia kutoka ufukweni. Walipanda boti kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Wote hao walikuwa watu kama sisi. Na kila mara linasemwa jambo moja: Mungu amependa. Jamani, Mungu siye aliyepakia zile boti.

Wala msidhani ni shida ya maskini tu. Tarehe 24 Novemba 2018, MV Templar, boti ya starehe, ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono ikiwa na watu waliokwenda kucheza muziki na kunywa. Wakafa zaidi ya 30. Maji hayaulizi kama una pesa. Yanauliza boti imebeba nini, na watu wamevaa nini.

Basi nyumba ya majini iwe na nini? Nitasema waziwazi, asije mtu akadai hakujua.

Kwanza jaketi za kuokoa maisha. Sisemi jaketi 10 zilizofungwa kamba chini ya magunia ya mtama kwa ajili ya picha. Jaketi moja kwa kila kichwa, na iwe imevaliwa kabla boti haijafunguliwa. Za watoto ziwe za watoto. Ukimvalisha mtoto wa miaka 3 jaketi ya mtu mzima, akianguka majini jaketi inapanda juu na yeye anachomoka chini. Anahitaji saizi yake, yenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Na jaketi si mto wa kulalia. Ikikandamizwa mwaka mzima na kuchomwa na jua, haielei tena kama mwanzo.

Pili, mstari wa rangi ubavuni. Uingereza, miaka ya 1870, mbunge Samuel Plimsoll aligombana na matajiri waliokuwa wanapakia meli kupita kiasi huku mabaharia wakifa. Sheria ya mwaka 1876 ikaleta alama ubavuni mwa meli ya kuonyesha mwisho wa mzigo. Maji yakifika kwenye alama, unaacha kupakia. Ni karibu miaka 150 sasa, na inahitaji mkebe mmoja wa rangi. Mkebe mmoja!

Tatu, moto ukae mbali na petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, unalala chini kwenye sakafu ya boti unangoja mtu awashe kiberiti. Madumu yakae nyuma penye upepo, jiko la makaa likae mbali, ndani ya karai la mchanga, na mtungi wa kuzimia moto uwe mahali mkono unapofika.

Nne, choo na maji. Oktoba 2024 kipindupindu kilitangazwa nchini hapa, kikianzia Renk, pale pale watu wanapopandia boti. Halafu mnataka watu wajisaidie mtoni upande mmoja na kuchota ya kunywa upande wa pili? Iwepo ndoo yenye mfuniko, pazia la turubai, na madumu ya maji yaliyowekwa dawa. Dada mmoja aliyepita njia ile aliniambia alikuwa hanywi maji mchana kutwa, ili asihitaji choo mpaka giza liingie. Hiyo si aibu yake, ni aibu ya aliyepanga safari.

Tano, vitu vya injini. Ndani ya Sudd magugu maji yakijizungusha kwenye pangaboi au plagi ikifa, mmekwama, na simu mara nyingi haishiki. Kwa hiyo plagi za akiba, makasia, nanga, kamba ndefu, tochi, na ndoo za kufulia maji. Na orodha ya majina ya kila aliyepanda iachwe kwa mtu wa nchi kavu. Asiyekuwa kwenye orodha, siku boti ikizama, hata kutafutwa hatafutwi.

Sasa nyinyi wa mashirika. Mkipanda spidiboti yenu mnavaa jaketi wote, hata dereva. Sawa, endeleeni, nataka muishi. Lakini mkimaliza safari mkaweka sahihi malipo ya tishari ambalo mama na watoto 4 wamepanda bila kitu kifuani, mmesema bila maneno kwamba kuna watu wa kuelea na watu wa kuzama. Andikeni haya mambo 5 kwenye mkataba wa mwenye boti, na asipoyatimiza asilipwe. Mtasema bajeti. Mimi nasema hata kuvuta maiti majini kuna bajeti yake, sema tu hiyo hamuipangi mapema.

Na nyinyi vijana wenzangu wa bahar, msicheke, zamu yenu imefika. Pesa ya kwanza ikipatikana mnanunua spika kubwa. Ya pili, sola ya kuchajia simu. Ya tatu, rangi ya kuandika jina la mchezaji mpira kwenye ubavu wa boti. Jaketi? "Mimi najua kuogelea." Unajua kuogelea mchana, umeshiba, maji yametulia. Usiku, umegongwa kichwa na boti iliyopinduka, mama wa watu amekushika shingo, hujui kitu. Na kama brashi ya kuandika jina la mchezaji unayo, basi brashi ya mstari wa mzigo unayo pia. Sababu hamna.

Wazee wetu, mabibi, akina mama mnaosafiri: mnaweza kudhani hamna nguvu mbele ya mwenye boti. Mnayo, kabla ya kupanda. Boti bila abiria hailipi mafuta. Mtu mmoja akikataa ataachwa, najua. Lakini watu 40 wakikaa chini ufukweni na mizigo yao, wakasema hatupandi mpaka watoto wavae jaketi, mwenye boti ataenda kuzitafuta. Hasira yake itapoa. Mtoto aliyezama harudi.