Ukijikwaa Unaambiwa Pole, Mbwa Wako Akiugua Unachekwa

Kiswahili kina neno moja tamu sana: pole. Ukijikwaa kwa steji, mtu usiyemjua anakwambia pole. Ukinyeshewa, pole. Ukitoka shamba na jembe begani, pole na kazi. Hata ukipaliwa na chai yako mwenyewe, kuna mtu atasema pole. Hatuulizi kwanza kama maumivu yako yanastahili. Tunatoa tu, kwa sababu pole haina bei.

Sasa jaribu kuwaambia watu mbwa wako ni mgonjwa sana na hujalala siku tatu. Ghafla hilo neno linapotea. Utaskia, "Ni mbwa tu." Utaskia kicheko. Mwingine atakuuliza umetumia pesa ngapi, na ukimjibu, atashika kichwa kama umechoma nyumba.

Maoni yangu ni haya, na sitazunguka: mtu anayeuguza mbwa anahitaji kushikwa mkono kama mtu yeyote anayeuguza. Si lazima umpende huyo mbwa. Si lazima hata umguse. Lakini binadamu aliye mbele yako amechoka na ana hofu, na sisi tumemfunga mdomo kwa maneno matatu.

Wengi wanaocheka hawajui hiyo kazi inakaaje. Chukua pavo, ule ugonjwa unaomaliza watoto wa mbwa, hasa wale hawajachanjwa. Anatapika, anaharisha damu, maji yanamwisha mwilini, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Matibabu ya kawaida ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika na antibiotiki, halafu mnangoja mwili wake upigane. Huku nyumbani mwenyewe yuko chini saa nane usiku anasugua sakafu na jiki, kwa sababu hicho kirusi kinaweza kukaa mahali kwa miezi mingi.

Ama chukua homa ya kupe, ambayo huku kwetu tunaijua vizuri. Mbwa aliyekuwa anabwekea kila bodaboda sasa hainui kichwa. Hali, fizi zimepauka, saa zingine damu inatoka puani. Kuna aina ya homa hiyo inayotibiwa kwa vidonge kwa karibu mwezi mzima. Umewahi kumpa mbwa asiyetaka kula kidonge kila siku kwa mwezi? Unakificha kwa ini, analamba ini anaacha kidonge. Unaanza tena.

Na kuna mbwa mzee ambaye figo zimechoka. Huyo hatapona. Anakunywa maji sana, anakojoa ndani, anakonda ukimwangalia. Daktari anaweza kukufunza kumwekea maji ya dripu chini ya ngozi nyumbani. Kila asubuhi unaamka na swali lile lile: leo ndiyo siku yenyewe?

Hiyo ni kazi ya kuuguza. Na uchovu wake umepimwa. Mwaka wa 2017 mtafiti Mary Beth Spitznagel wa Chuo Kikuu cha Kent State kule Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliolinganisha watu wenye mbwa au paka mgonjwa na wale ambao wanyama wao ni wazima. Waliokuwa wanauguza walikuwa na mzigo mkubwa zaidi, msongo zaidi, na dalili zaidi za huzuni nzito. Kwa hivyo huyo rafiki yako si mtu wa drama. Amebeba kitu kinachoonekana hata kwenye vipimo.

Shida ni kwamba anabeba kimyakimya. Nina rafiki Ruiru ambaye mbwa wake alishikwa na homa ya kupe mwaka jana. Alipiga simu kazini akasema anaumwa na tumbo. Alijua akisema ukweli atakuwa stori ya ofisi wiki nzima. Kwa siku kadhaa akawa anakuja kazini macho mekundu, watu wakidhani amekosana na mpenzi wake, naye akawaacha wadhani hivyo kwa sababu hiyo angalau ingepata pole. Fikiria hapo kidogo. Tumefika mahali mtu anaona ni afadhali adhaniwe ameachwa kuliko aseme mbwa wake anakufa.

Msomi mmoja wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika tangu mwaka 1989 kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui. Hoja yake ni kwamba mtu anaweza kupoteza kitu cha maana kwake, lakini kwa vile watu hawaoni kama ni hasara, hapewi nafasi ya kuomboleza. Hakuna matanga, hakuna ruhusa ya kazi, hakuna mtu wa kuleta chai. Huzuni haiondoki kwa sababu imekatazwa. Inaingia ndani tu.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimeshaambiwa. Ati Wakenya wanafanya harambee za bili za hospitali kila wiki, wengine hawana hata pesa ya panadoli, na wewe unalia juu ya mbwa? Hiyo hoja siidharau. Ni ya kweli na inauma. Lakini angalieni inavyofanya kazi. Rafiki yangu akiacha kulia leo, hakuna mgonjwa atakayelipiwa bili. Huruma haigawanywi kama unga wa msaada, ati ukimpa huyu kilo moja yule anakosa. Tena kwa ninavyoona, anayemsafisha mnyama matapishi usiku wa manane huwa ndiye huyo huyo anayefika hospitali mapema wewe ukilazwa.

Kuna wale wanasema mambo ya kulilia mbwa ni ya watu wa Karen na Runda, ama ya wazungu. Jameni. Nani amemlisha Simba na Tommy huko mashambani miaka yote hii, ugali na supu ya matumbo, kama si nyanya zetu? Wachungaji wetu walilala malishoni na mbwa kabla Karen haijaitwa Karen. Na huyo mbwa wa boma ndiye hukuamsha mwizi akiruka ua. Usiku ni mlinzi, akiugua asubuhi ni "mbwa tu"? Hiyo hesabu haiingii.

Na kwa ndugu zetu Waislamu, najua suala la mate ya mbwa na tohara. Hakuna anayekuomba umbebe. Lakini kisa cha yule aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa na Mungu mnakijua kuliko mimi. Na hapa hata mbwa simwongelei sana. Namwongelea mwenyewe.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuache maneno fulani. "Utanunua mwingine" ni maneno mabaya, hata kama nia ni njema. Hakuna anayeuguza mbwa wa kesho. "Si umdunge tu yaishe" pia si ushauri, ni kumharakisha mtu kwenye mlango ambao anauogopa. Na tafadhali, acheni kuleta dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofen inaweza kumharibu mbwa tumbo na figo. Ukitaka kusaidia, lipa nauli ya kwenda kwa daktari wa wanyama.

Pili, usiseme "ukihitaji kitu niambie." Wahenga walishasema mgonjwa haulizwi uji. Anayeuguza pia haulizwi. Amechoka hadi hawezi kukupangia kazi. Peleka chakula. Kama una gari, sema, "Saa tatu nitakuwa kwa geti, tumpeleke kliniki," kwa sababu kumpandisha mbwa mgonjwa kwa matatu si rahisi. Kaa naye zamu ya saa nne mwenzako alale. Fua yale matandiko. Tuma mia mbili kwa M-Pesa bila hotuba. Lakini kama ni pavo na wewe una watoto wa mbwa kwako, saidia ukiwa mbali, maana hicho kirusi husafiri hata kwa viatu.

Tatu, na hapa ndipo watu wengi huachwa peke yao: siku ya uamuzi. Kuna wakati daktari anakuambia amefanya lote, na kilichobaki ni sindano ya mwisho ili mnyama asiendelee kuteseka. Hakuna kitu kigumu kama hicho. Ukikubali mapema unajiona muuaji, ukichelewa unajiona mkatili. Watu wengi hubaki na hilo swali miaka.

Kuna kipimo kinachoweza kusaidia. Kilitengenezwa na daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos. Unaangalia mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo unalipa alama kuanzia 0 hadi 10, na 10 ndiyo nzuri. Jumla ikipita 35, maisha yake bado yanavumilika. Ikishuka chini ya hapo, ni wakati wa kuongea na daktari waziwazi. Kipimo hakikuamulii, lakini kinakutoa kwenye "nahisi" kwenda kwenye "naona". Na mtu wa kukaa nawe mezani mkijaza hizo alama anaweza kuwa rafiki yeyote, hata asiyependa mbwa. Kwanza huyo ndiye mzuri, kwa sababu macho yake hayana machozi.

Madaktari wa wanyama nao nina neno kwao. Semeni bei mapema na mseme njia zote zilizopo, hata ile ya bei nafuu. Mtu mwenye elfu tano mfukoni asione aibu kuuliza elfu tano inafika wapi. Na matibabu yakishindikana, mpeni dakika kumi za kukaa na mnyama wake kabla ya kuitwa anayefuata. Najua foleni ni ndefu na nyinyi pia mnaumia, kwa sababu mnaona vifo vingi kuliko sisi. Lakini hizo dakika mtu hazisahau.

Halafu kuna jambo ambalo upendo haulifuti: kichaa cha mbwa. Kama mbwa hajachanjwa na tabia imebadilika ghafla, anang'ata ovyo, anatoa mate mengi, anashindwa kumeza au miguu inalegea, usimuuguze kwa mikono yako. Usimfungue mdomo kuona kama amekwamwa na mfupa. Kaa mbali na uite daktari. Akikung'ata au mate yake yakaingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kuumaliza kwa watu ifikapo 2030, na mpango huo unaanza na mbwa wetu kuchanjwa. Kuchanja ni sehemu ya kupenda.

Na wewe unayeuguza sasa hivi, unasoma hii simu ikiwa mkono mmoja na mkono mwingine uko kwa mgongo wa mnyama wako: kula. Najua umempikia yeye kuku ukasahau wewe. Tafuta mtu mmoja tu, si kumi, umwambie ukweli. Usimpe ile "niko sawa" ya kawaida. Kama una watoto nyumbani, waambie kwa maneno rahisi kwamba mbwa ni mgonjwa sana na anaweza kufa, kuliko waje kugundua ametoweka na mkubwa fulani aseme "alienda shamba." Na kama giza limezidi hadi huoni sababu ya kuamka, ongea na mshauri au watu kama Befrienders Kenya. Hawatakuuliza kama kilichokuvunja kina miguu miwili ama minne.

Hakuna anayedai mbwa ni sawa na mtoto. Siombi matanga wala likizo ya wiki mbili. Naomba kitu ambacho tayari tunacho mdomoni kila siku na tunampa hata mtu aliyemwagikiwa na soda. Kuna mtu kwenye simu yako ambaye wiki hii aliweka picha ya mbwa wake amelala na dripu mguuni, na ulipita tu. Rudi kwa hiyo picha. Huhitaji kujua la kusema. Andika pole, kisha umuulize mgonjwa ameamkaje.