JICHO LA MTAMBO NYUMBANI: MLINZI AU MPELELEZI?

Mwaka 2024 polisi wa Japani walitoa hesabu ya kuhuzunisha. Katika miezi 6 ya kwanza ya mwaka huo, watu 37,227 waliokuwa wakiishi peke yao walikutwa wamekufa majumbani mwao. Zaidi ya 7 katika kila 10 walikuwa wazee wa miaka 65 na zaidi. Karibu watu 4,000 hawakugunduliwa ila baada ya mwezi kupita. Kuingia katika nyumba za namna hiyo ni kazi ya polisi, na askari aliyewahi kuifanya haisahau.

Kwa kukabili hali hii, nchi tajiri zinaugeukia mtambo. Mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilianza kuuza Kinect, kamera iliyokusudiwa kwa michezo. Haikupita muda wataalamu wakaijaribu katika mambo ya afya. Kamera ya aina hii hutoa mwanga usioonekana kwa macho, ikapima umbali wa kila kitu kilicho mbele yake. Kutokana na vipimo hivyo kompyuta huchora viungo vya mtu: kichwa, mabega, magoti, nyayo. Kisha hulinganisha mwendo wa viungo na mifano iliyofundishwa, ikaamua kama mtu anatembea, ameketi, au ameanguka.

Kuanguka si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, yafaa tupime kabla ya kusifu. Kwanza, mtambo hukosea. Mzee akijitupa kitini huweza kudhaniwa ameanguka. Akianguka nyuma ya kabati huweza asionekane kabisa. Isitoshe, mifano mingi ya kuufundishia ilitokana na vijana walioigiza kuanguka, na mwili wa kijana hauangu­ki kama wa mzee.

Pili, ni nani mwenye picha hizo? Nyumba ni sitara ya mtu. Kamera inayojua saa ya mgonjwa kulala na idadi ya safari zake za msalani inajua mengi kuliko jirani yake. Ndiyo maana sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016 iliziweka habari za afya katika fungu la kulindwa kwa namna ya pekee. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Picha ya umbali isiyoonyesha sura, inayochambuliwa mle mle nyumbani bila kupelekwa nje, hupunguza hatari hiyo, lakini haiondoi haja ya mzee mwenyewe kuulizwa na kukubali.

Tatu, na hili askari wanalifahamu kuliko wengine: mlinzi akipiga kelele na pasiwe na kikosi cha kuitikia, lindo ni bure. Mtambo hauwezi kumwinua aliyeanguka. Kazi hiyo yahitaji mkono wa mtu aliye karibu.

Maoni yetu ni kwamba jicho hili lafaa kuwa msaidizi wa jamaa na jirani, wala lisiwe badala yao. Wengi wetu tunatumika mbali na wazazi wetu. Kabla ya kutafuta mtambo wa kuwatazama, hapana budi tujue ni nani atakayebisha hodi mlangoni mwao leo jioni.