Telefoni iende ku shimo, apareyi ibaki nyumbani

Mutu akifia ku karieri, jamaa wakiisha kupata mwili, kitu wanachotafuta mbio ni foto. Foto ya kuweka juu ya sanduku, foto ya kuonyesha wageni wa matanga. Mara nyingi haipatikani. Zote zilikuwa mu telefoni yake, na telefoni ilibaki chini ya udongo, ao imefungwa na kode ambayo ni yeye peke yake aliijua. Basi wanakamata kadi yake ya uchaguzi, ile ambayo sura imeanza kufutika, wanaipiga foto tena, wanaikuza, na uso wa baba unatoka kama moshi. Watoto watakomaa na ule moshi.

Hapa Ngezi hatusemi mambo ya mbali. Kuna nyumba ambamo baba yuko Mongbwalu miezi mitatu, kaka yuko Nizi, na mama peke yake njo anabaki na watoto. Telefoni yenye kupiga foto vizuri inaenda na mwanaume. Inauzwa wakati shimo halitoi kitu, inaibiwa mu kambi, inaanguka mu maji ya kuoshea muchanga. Ya mama ni ile ndogo ya kupigia tu. Mutoto anazaliwa, anaota meno, anaingia masomo, na hakuna aliyemukamata hata foto moja.

Ndiyo maana tunasema: nyumba ya muchimbaji inahitaji apareyi ndogo ya foto, ile ya kuingia mu mufuko, na iwe mali ya nyumba. Isiwe ya baba.

Watu watatucheka: siku hizi nani ananunua apareyi? Wana haki kidogo. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilitoa apareyi ndogo zaidi ya milioni 100. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Telefoni ilizikula. Na tuseme kweli: muchana, inje, telefoni nzuri inashinda apareyi ya bei ya chini. Muuzaji akikuambia kwamba kale kaapareyi kake ka rahisi kataipita telefoni ya bwana yako, muache aongee. Sababu yetu ni ingine. Apareyi haina namba ya kuita, haina michezo ya kumaliza batri, na haina kazi ku karieri. Inabaki mu kabati.

Sasa, kuchagua gani? Wengi wanauliza megapikseli tu. Foto ya sentimita 10 kwa 15, ile wanatoa mu studio za muji, inatoka safi na megapikseli 2. Karatasi nzima ya A4 inataka karibu 9. Kwa hiyo 12 zinatosha kabisa, na ile 20 iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya karto haitaongeza kitu ku ukuta wa saluni.

Kitu cha kuuliza ni mwangaza. Maisha yetu ya pamoja yanapita mu giza: chakula cha mangaribi, sala ya nyumbani, matanga ya usiku, mutoto muchanga ndani ya chumba cha dirisha dogo. Umeme wa Budana unakuja na unaenda, tunajua. Ndani ya apareyi kuna kapteri, kijisahani kinachopokea mwangaza. Kiko kama chombo wakati wa mvua: beseni linapata maji mengi kupita kikombe, hata kama mvua ni moja. Apareyi nyingi za bei ya chini ziko na kapteri ya milimita 6 kwa 4,5 hivi. Sony RX100, iliyotoka mwaka 2012, iko na ya milimita 13,2 kwa 8,8, eneo lake ni kama mara 4. Angalia pia namba iliyoandikwa kandokando ya kioo cha mbele. 1:1.8 ao 1:2 ni kioo kinachofunguka sana, 1:3.5 ni jicho la mwenye usingizi. Na zumu wanayoita dijitali, musiilipie hata franka moja, maana inakata foto na kuikuza tu, kama vile mulivyofanya na kadi ya uchaguzi.

Lakini hapa tunaingia mu shida yenyewe: vumbi. Apareyi kama RX100, kioo chake kinatoka na kurudi kama kichwa cha kobe, na kila mara kinaporudi kinaweza kumeza vumbi. Wakati wa kiangazi, motari watatu wakipita, nguo zilizoanikwa hapa Ngezi zinageuka nyekundu. Vumbi likiisha kuingia ndani, unaona madoa meusi juu ya kila mbingu, na kulisafisha ni kufungua mashine yote. Kuna apareyi zingine zilizofungwa kabisa, kama Olympus TG-6 ya mwaka 2019: kioo kinacheza ndani kwa ndani, inazama mu maji mpaka metre 15, inaanguka toka metre 2 na kuendelea kufanya kazi, iko na megapikseli 12 na kioo cha 1:2. Ubaya wake ni kapteri: ni ile ndogo, ya kikombe.

Sisi tunachagua ile iliyofungwa. Nyumba yenye watoto watano na sakafu ya udongo inaomba kwanza kitu kisichokufa. Mumoja wetu hakubali; anaweka RX100 yake mu mufuko wa plastiki ndani ya mufuko mwingine, na foto zake za usiku, tukubali, zinapita zetu zote. Lakini hana watoto.

Batri lazima itoke, na ya pili ipatikane kabla hujalipa. Heri ile inayopata moto kwa kamba ya USB, juu plake ndogo ya jua inatosha. Canon za zamani za A zilitumia pile za kawaida. Ukikuta moja inayofanya kazi, usiicheke, pile zinauzwa mpaka ku kambi za wachimbaji.

Apareyi nyingi zinatufikia toka Kampala ao Dubai mu valizi ya mutu, na garanti ni sura ya muuzaji. Kwa hiyo jaribu pale pale. Washa na kuzima mara kumi, sikiliza kama kioo kinalia. Piga ukuta mweupe, tafuta madoa. Fungua fasi ya batri, kama kuna kutu ya kijani, rudisha. Kadi ya memori iliyoandikwa 64 inaweza kuwa na 8 tu ndani: ijaze yote siku ile ile, ungali unajua muuzaji anakaa wapi.

Watu wanalalamika kwamba nyuso zao zinatoka nyeusi tititi. Ngozi yetu haina kosa. Mashine inapima mbingu nyuma yenu na kuona kwamba mwangaza umezidi. Ingieni mu kivuli cha mulango, ao kamata kitufe cha + na − na usogeze kidogo upande wa +.

Mbele ya barieri, hapana. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko mu hali ya kuzingirwa, na askari akiona apareyi haulizi kapteri ni ya milimita ngapi. Kambi, uwanja wa ndege, mutu mwenye bunduki: usivipige. Hii pia ni sababu ya kuiacha nyumbani.

Wazee wetu wa migodi foto zao ziko, lakini haziko kwetu. Sammy Baloji wa Lubumbashi alionyesha jambo hilo mwaka 2006 mu kazi aliyoiita Mémoire: alikamata foto za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga na kuzisimamisha juu ya magofu ya viwanda vya leo. Zile foto zilitoka mu hazina ya kampani, si mu kabati za wake zao. Ku Kilo-Moto, ambako Wazungu waliona dhahabu mwaka 1903, aliyekuwa na apareyi alikuwa bwana wa kampani. Kisha wakaja watu wa magazeti ya inje, wanapiga mikono yenye matope, wanaenda.

Foto zikibaki mu kadi, hamujafanya kitu. Kila miezi mitatu, baba akishuka toka Mongbwalu, toeni kumi kwa karatasi. Nyuma andikeni kwa biki jina, siku na fasi. Nakala ya pili ipelekwe kwa shangazi anayekaa muji mwingine, Kisangani ao Butembo. Waliokimbia Bunia mwezi wa tano mwaka 2003 walibeba watoto, sufuria na blanketi. Albumu zilibaki juu ya kabati.