Kitanda Usichokilalia



Uko uongo mmoja mkongwe nchini mwetu ambao haujakubali kustaafu. Wasema hivi: mwananchi ataka maji, hataki mikutano, aachiwe mtaalamu afanye kazi, na kura zikae kando. Uongo huu ndio unaoozesha miji yetu.

Tuitazame Nairobi. Mwaka wa 1983 Serikali ililivunja Baraza la Jiji lililochaguliwa na wakazi, ikaweka Tume ya wateule wake. Sababu iliyotolewa ilikuwa ufisadi na usimamizi mbaya. Tiba hiyo ilidumu miaka 9, hadi uchaguzi wa vyama vingi wa 1992 ulipowarudishia wakazi madiwani wao. Kwa muda wote huo, mama ambaye mfereji wake ulikauka hakuwa na mtu wa kumwondoa kwa kura.

Februari 2020 uongo ule ulirudi umevaa magwanda. Hati ilitiwa sahihi katika Ikulu; huduma za afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji zikaondolewa mikononi mwa Kaunti, na jenerali wa jeshi akapewa usukani. Haki na isemwe: visima vilichimbwa katika mitaa ya wanyonge na hospitali zikajengwa. Lakini sahihi ilitangulia, mkazi akapata habari baadaye. Mwaka wa 2022 mpango ukafikia kikomo. Kisima kilichochimbwa bila shauri la mtumiaji humwachia swali moja: pampu ikifa, ataulizwa nani?

Leo hila imebadilika. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 chalilazimisha Bunge la Kaunti kuushirikisha umma. Kwa hiyo wakubwa hawakatai tena kutuita; hutuita vibaya. Tangazo hutoka leo, mkutano huwa kesho. Makadirio ya bajeti huja katika kitabu kinene cha Kiingereza cha wahasibu. Watu huandikishwa majina, hupewa soda, huenda zao. Kisha orodha ile hutolewa kuwa ushahidi kwamba umma umeridhia! Mimi ni wakili, nami nasema: sahihi ya kuhudhuria si sahihi ya kukubali. Mahakama ya Juu yenyewe, katika kesi ya kampuni ya sigara ya BAT mwaka wa 2019, ilisema kushirikisha umma lazima kuwe kwa kweli, si kutimiza ada tu.

Je, tukae tukilia? La hasha. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 chaamuru kila Kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi, na mashirika ya kidini yana haki ya kuwakilishwa humo. Ewe mshiriki, wamjua anayekaa katika kiti hicho kwa niaba yako? Je, kimekaliwa?

Zishikeni tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1, mwelekeo wa matumizi Februari 28, makadirio Aprili 30. Anayeamka Juni hukuta ng'ombe amekwisha kugawanywa. Tena Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa afisa siku 21 kujibu ombi lako. Andikeni barua: fedha za taka za wadi yetu ni kiasi gani, na mkandarasi ni nani?

Nehemia alipoujenga ukuta wa Yerusalemu, makuhani walishika lango lao, na wengi walijenga mkabala wa nyumba zao wenyewe. Kila mmoja aliijua nyufa iliyo mbele ya mlango wake. Wahenga wetu walijua vivyo hivyo: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayelala katika mji huu ni sisi. Basi na tuulizwe kabla ya kitanda kununuliwa. Na wasipotuuliza, tuingie bila kubisha hodi.