Watoto na Kazi ya Mama wa Kanisa

Kusini ya Pangani, katika pwani ya Mkwaja, pana mchanga mpana ambao kasa hupanda usiku kutaga mayai yake. Mahali pajulikanapo sana kwa jambo hili ni Madete. Kasa hutoka baharini kwa shida nyingi, akijikokota, maana miguu yake ni ya kuogelea wala si ya kutembea. Huchimba shimo, hutaga mayai, pengine mia au kupita mia, huyafukia vizuri, kisha hurudi majini asiyatazame tena. Baada ya muda wa miezi miwili hivi watoto huanguliwa, hujitokeza mchangani, na kila mmoja hukimbilia bahari peke yake, hana mama wa kumwonyesha njia. Kaa huwavizia, ndege huwavizia, na ndani ya maji samaki huwangoja. Katika wingi ule ni wachache mno wafikao kuwa kasa wazima.

Kasa halaumiwi, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Mwanadamu hakuumbwa hivyo, na mtoto wake hajui kwenda mpaka ameshikwa mkono. Hata hivyo vyama vya mama katika makanisa mengi vimeshika desturi inayofanana na ile ya kasa. Mama hukutana siku yao, huvaa sare zao, huimba, huomba, huhesabu fedha zao, huenda kumtazama mgonjwa, na watoto wao hubaki nje chini ya mwembe wakirushiana mawe. Mtoto akisogea mlangoni huambiwa, "Nenda kacheze, haya ni mambo ya watu wazima." Naye huenda kucheza. Miaka hupita, mtoto yule huwa msichana wa miaka kumi na minane, na mama wale wale huulizana kwa huzuni mbona wasichana wa siku hizi hawana moyo wa kazi za kanisa. Jawabu li chini ya mwembe.

Yafaa kukumbuka jinsi vyama hivi vilivyoanza. Umoja wa Mama ulianzishwa mwaka 1876 katika kijiji cha Old Alresford, nchi ya Uingereza, na mwanamke aliyeitwa Mary Sumner, mke wa kasisi wa mahali pale. Binti yake alikuwa amezaa mtoto, naye Mary Sumner akakumbuka jinsi alivyojiona hana maarifa siku alipokabidhiwa mtoto wake wa kwanza. Akawaza kwamba mama, walio maskini na walio na mali, wahitaji kusaidiana katika malezi. Basi akawaita wanawake wa kijiji nyumbani kwake. Walipokuja, hofu ikamshika hata akashindwa kunena, akawaomba warudi juma la pili. Wakarudi, naye akanena. Chama kilichoanzishwa na mwanamke aliyeshindwa kunena sasa kina watu katika nchi zaidi ya 80, na Tanzania ni mojawapo. Sababu yake ya kwanza ilikuwa mtoto mchanga na mama asiyejua la kufanya. Kwa hiyo ni ajabu tawi la chama hicho likimwondosha mtoto mlangoni.

Hata katika nchi hizi kazi ya misheni ilianza mapema na wasichana. Huko Mbweni, Unguja, katika miaka ya 1870, misheni ya UMCA ilikuwa na shule ya wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi wao hawakuwa na mama wala hawakujua kwao ni wapi. Walipokua, baadhi yao walikwenda bara, wakawa walimu na wake wa walimu. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston alianzisha Unguja shirika la masista, na masista hao baadaye walifanya kazi hata Magila, katika nchi ya Bonde. Waliojenga kanisa la upande huu hawakungoja watoto wakue ndipo wawape nafasi.

Mkwaja ni mahali pa kufikiriwa sana katika shauri hili. Watu wengi wa kijiji hicho, kama wa pwani yote ile, ni Waislamu, na riziki yao ni bahari na minazi. Wakristo ni wachache. Palikuwa na shamba kubwa la ng'ombe, lililoanzishwa katika miaka ya 1950. Mbung'o walilisumbua sana, na mwaka 2000 likafungwa. Nchi yake sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Mahali popote kazi ikiisha watu huhama, na kanisa lililo dogo hupungua tena. Kanisa la watu elfu laweza kuwaacha watoto mia wakicheza nje, lisiione hasara yake kwa muda. Kanisa la watu arobaini haliwezi. Mama wanane wakizeeka pamoja, chama nacho huzeeka pamoja nao. Na siku atakapozikwa wa mwisho, daftari la chama litabaki ndani ya kasha, wala hapatakuwa na wa kulifungua.

Wako mama wenye hoja, na hoja zao si za kupuuzwa. Husema kwamba katika mkutano wao hunenwa mambo ya siri: mume anayepiga, deni lisilolipika, ugonjwa usiotajwa hadharani, na mtoto hana kifua, atayatangaza kisimani kabla ya jua kuchwa. Hili ni kweli. Lakini mkutano wote si mashauri. Kuna kusoma Neno, kuna kuimba, kuna kushona, kuna kupanga ni nani atakwenda kwa mgonjwa. Mtoto na awepo katika hayo, na mashauri yafikapo mlango ufungwe. Mtoto aonaye mlango ukifungwa kwa sababu ya heshima ya mtu fulani hujifunza pia kwamba kuna maneno yasiyofaa kuchukuliwa njiani.

Husema tena kwamba mtoto wa shule ana kazi nyingi tayari. Hili nalo ni kweli, na kwa msichana ni kweli zaidi, kwani arudipo shuleni humngoja maji, kuni na mdogo wake wa kubeba. Hapa lakini yawapasa mama wajichunguze. Kwa kuwa chama kile kile kilichowafukuza wasichana mlangoni huwakumbuka ghafula siku ya sikukuu. Huitwa alfajiri, hupewa ndoo, huosha masufuria hata usiku, huku wavulana wa umri wao wameketi wakingoja pilau. Na jioni huambiwa kwamba huo ndio utumishi. Si utumishi. Ni kupata vijakazi bila ujira, na msichana mwenye akili hulitambua jambo hilo upesi, akakimbia.

Mama wa pwani wajua njia iliyo bora, maana waitumia kila siku katika kazi nyingine. Msichana hajifunzi kusuka ukili kwa kuitwa akiwa na miaka ishirini na kupewa mkeka mzima aumalize. Huketi kando ya mama yake angali mdogo, huokota miyaa iliyobaki, husuka kitu kilichopotoka, mama hukifumua, naye huanza tena. Hapigiwi kelele wala hasifiwi kupita kiasi. Siku moja ukili wake huonekana umenyoka, ukaingizwa katika mkeka pamoja na ule wa mama, na mgeni akilalia mkeka ule hatambui upi ni wa nani. Utumishi hujifunzwa vivyo hivyo. Wahenga wamenena, udongo uwahi ungali maji.

Yupo, kwa mfano, bibi kizee akaaye peke yake, mguu wake mbaya, hawezi kwenda kisimani. Mama wawili wa kanisa humpelekea uji. Waende na watoto wawili. Mmoja achukue maji, wa pili afagie uwanja, na wote wawili wajifunze kumwamkia kwa adabu na kuketi wamsikilize, hata kama hadithi yake ni ile ile ya juma lililopita. Wala wasiulize kwanza dini yake. Katika mji kama Mkwaja huenda ikawa bibi huyo asali msikitini tangu ujana wake, na jirani zake Wakristo wamekula futari nyumbani mwake mara nyingi. Akifiwa, mama watakwenda msibani, na mtoto aende pia, ajifunze kukaa kimya penye kilio. Katika Matendo ya Mitume husomwa habari za Dorkasi wa Yafa, mji wa pwani kama huu. Alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakionyesha nguo alizowashonea. Hapakuonyeshwa hati ya uanachama.

Liko jambo moja ambalo watoto huwazidi mama wengi walio wazee, nalo ni kusoma na kuandika. Wako mama waaminifu ambao hawakupata shule katika utoto wao. Huhifadhi hesabu ya chama kichwani, na siku ya ubishi hapana ushahidi. Msichana wa darasa la sita aweza kusoma somo la siku kwa sauti, aweza kuandika majina ya waliotoa na kiasi walichotoa, mbele ya macho ya mtunza fedha. Fedha zenyewe asizishike, kwa kuwa si haki kumwekea mtoto mtego. Lakini kalamu na aishike. Mama mzee aliyesomewa daftari lake na mjukuu wake hatasema tena kwamba mtoto hana kazi katika chama.

Na wavulana je? Kwa kuwa chama ni cha mama, wengi hudhani wavulana hawahusiki. Timotheo alikuwa mvulana, na imani yake, kama Mtume Paulo alivyokumbusha, ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Upande wa Wakatoliki, ambao mama wao wana chama chao cha WAWATA tangu mwaka 1972, kuna pia shirika la Utoto Mtakatifu. Lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, ili watoto wawaombee na kuwasaidia watoto wenzao, wavulana kwa wasichana. Mvulana aliyemchukulia bibi kizee maji akiwa na miaka kumi hatajisikia ameshuka heshima akimchukulia mkewe.

Limebaki jambo lililo gumu kuliko haya yote. Hutokea msichana akapata mimba angali shuleni. Kwa miaka mingi katika Tanzania Bara msichana wa namna hiyo aliondolewa shule, asirudi. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba aweza kurudi masomoni baada ya kuzaa. Mlango wa shule umefunguliwa. Chama cha mama kikiufunga wa kwake, kitakuwa kimekuwa kigumu kuliko serikali. Baadhi ya mama huogopa kwamba kumpokea ni kama kusifu kosa. Lakini mwenye njaa akipewa chakula, njaa haikusifiwa. Na katika kijiji kizima, ni nani ahitajiye mama wa kumfundisha kuliko msichana wa miaka kumi na sita ambaye mtoto alia usiku mikononi mwake, naye hajui kama ni tumbo au ni homa? Ndiyo hali ile ile iliyomsumbua Mary Sumner, tena imezidi. Umoja wa Mama wenyewe kwa miaka mingi haukuwapokea wanawake walioachwa. Katika miaka ya 1970 sharti hilo liliondolewa, na chama hakikuanguka. Tena lisisahauliwe hili, kwamba mara nyingi kijana aliyempa msichana mimba huendelea kuimba katika kwaya, wala haulizwi neno.

Kwa kuanza, hapahitajiwi sare mpya wala mchango. Mama wanane wakiwa na siku ya kwenda kwa mgonjwa, kila mmoja na amshike mtoto mmoja mkono, si lazima awe wake wa kumzaa, na yule msichana mwenye mtoto mgongoni awe mmoja wao. Mtoto mmoja abebe ndoo, wa pili ufagio, wa tatu kitabu cha nyimbo. Njiani watauliza maswali mengi, na mengine mama hawatakuwa na jawabu lake siku ile. Mary Sumner naye siku ya kwanza alishindwa kunena, akawaambia wenziwe warudi juma la pili.