Filamu inayoanza na geti irudishwe kwa aliyeileta

Kaa jioni moja katika kibanda umiza chochote mjini Tabora, benchi la mbao, pazia la gunia mlangoni, usubiri filamu ya nyumbani ianze. Inatangulia nembo ya msambazaji, inazunguka na kumeta. Linafuata onyo kwa wezi wa kazi za sanaa, limeandikwa Kiingereza kitupu, mbele ya watu waliolipa kuangalia filamu ya Kiswahili. Yanakuja matangazo ya filamu nyingine tatu. Ndipo majina yanapoingia: herufi za njano zenye kivuli chekundu, moja inaruka, nyingine inapinduka, ya tatu inayeyuka, na nyuma yake geti la jumba la Dar es Salaam linafunguliwa taratibu gari lipite. Haijafika dakika ya pili, sauti inatoka benchi la nyuma: "Peleka mbele!" Mwenye kibanda anabonyeza rimoti, na majina ya watu waliokesha kazini yanapita kasi, hayasomeki.

Yule wa benchi la nyuma hana kosa. Wenye kosa ni waliotengeneza mwanzo ule, maana hawakuutengeneza, waliumwaga.

Wala asituambie mtu kwamba Mtanzania hajali maandishi ya mwanzo wa filamu. Ushahidi umo vinywani mwetu. Neno "steringi", ambalo kila mtoto wa mtaani analijua, pamoja na ile imani kwamba steringi hafi, lilitoka huko huko kwenye maandishi ya mwanzo ya filamu za nje, lilipokuwa limekaa jirani na jina la mwigizaji mkuu. Watu walilisoma, wakaona ndicho cheo chake, wakamvika. Watazamaji waliochota neno zima kutoka sekunde chache za maandishi hawawezi kuitwa wavivu wa kusoma.

Marekani nao walipitia haya. Inasimuliwa kwamba zamani kumbi za huko ziliacha pazia limefungwa hadi majina yaishe, na kwamba mwaka 1955, filamu ya Otto Preminger iitwayo The Man with the Golden Arm ilipopelekwa kumbini, mikebe yake ilibandikwa agizo: pazia lifunguliwe kwanza. Aliyeufanya mwanzo ule ustahili pazia ni msanifu Saul Bass. Hakutumia sura ya mwigizaji hata mmoja, ingawa alikuwa na Frank Sinatra mkononi. Alitumia vijiti vyeupe juu ya weusi, vinavyoshuka, kusogea na kuyabana majina, hadi mwishoni vikawa mkono mmoja uliopinda vibaya. Filamu yenyewe inahusu mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Mtazamaji alikuwa ameshaona mkono huo unavyoteseka kabla hajasikia neno. Ni maumbo sahili, kama ya karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Kwa hiyo wanaokimbilia neno bajeti watafute kisingizio kingine.

Lakini kwa nini twende mbali, na Tabora ilikuwa na mwanzo wake kabla sinema haijazaliwa? Misafara ya Wanyamwezi iliyokwenda Bagamoyo na kurudi haikuingia mahali kama kundi la mbuzi. Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, aliandika alichokiona. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, amevaa joho jekundu, ngozi ya mbega begani na manyoya kichwani, ameshika bendera nyekundu. Nyuma yake mpiga ngoma. Kisha wapagazi wa pembe, kengele zimefungwa kwenye ncha za meno ya tembo, halafu wenye vitambaa na shanga. Aliyesimama kando ya njia alijua, kabla mzigo wa kwanza haujamfikia, kwamba huu ni msafara wa namna gani na umebeba mali gani. Rangi, sauti, mpangilio, kila kitu mahali pake. Hicho ndicho tunachokidai kwa dakika mbili za kwanza za filamu, na mababu waliweza bila kompyuta.

Kuna deni jingine, nalo ndilo zito: majina. Mwaka 1939 Hollywood ilitoa filamu kuhusu njia hii hii, Spencer Tracy akiigiza Stanley. Iliitwa Stanley and Livingstone. Majina mawili, basi. Wageni hao waliishi pamoja katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, mwanzoni mwa 1872, nyumba iliyojengwa na watu wengine, wakilishwa na kulindwa na watu wengine. Livingstone alipofariki mwaka uliofuata, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao walimbeba maiti kwa miguu, wakapita naye hapa Tabora, wakamfikisha Bagamoyo Februari 1874. Tunalalamika, na ni haki yetu, kwamba historia iliwakumbuka waliobebwa ikawasahau waliobeba. Basi tufungue filamu zetu wenyewe. Jina la nyota linatokea mara tatu: mtunzi yeye, mwigizaji yeye, mtayarishaji yeye. Mshika taa hayupo. Aliyepaka vipodozi ameandikwa kwa jina la utani. Mwenyeji aliyetoa nyumba yake kwa siku kumi anashukuriwa kwa jumla na "wote waliotusaidia". Huo ni upagazi ule ule, safari hii anayefuta majina ni ndugu yetu.

Na mji huu si mgeni wa filamu. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyesoma Tabora, ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu wa filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, miaka kumi hivi kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Filamu ile ilitengenezwa chini ya serikali ya kikoloni, ikaona maneno mawili ya Kiswahili yanatosha kuwa jina. Miaka hamsini baadaye, nchi ikiwa huru, filamu iliyofungua zama za Bongo Movie mwaka 2003 iliitwa Girlfriend. Ilikuwa filamu nzuri. Waliofuata waliiga jina, uzuri wakauacha.

Tunatahadharisha jambo moja, maana tunaijua tabia ya wenzetu. Tukisema Tabora ina mali ya kuonyesha, kesho mtu atarusha droni juu ya miembe mikongwe, apitishe kwenye mlango uliochongwa wa Kwihara na stesheni ya reli, aseme ameanza filamu. Hiyo ni kalenda ya ukutani. Mwanzo hutoka kwenye kisa. Kama kisa ni ndugu wawili wanaogombania mizinga ya baba yao, tuanze na mikono inayoshusha mzinga wa gome kutoka juu ya mti, moshi, nta inayokatika, na jina la filamu limechongwa kwenye kifuniko kwa kisu. Jina la ndugu wa kwanza litokee upande mmoja wa sega, la pili upande wa pili. Hapo mtu wa benchi la nyuma atanyamaza. Na herufi zenyewe zipo: mafundi wanaochora mabango kwa brashi wamejaa mjini, na kila kanga ina jina lililoandikwa kwa herufi zilizopangwa kwa akili kuliko hizo za njano zinazoruka.

TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, ipo Bagamoyo, pale pale misafara ilipotua mizigo. Ifundishe usanifu wa mwanzo wa filamu kama somo linalosimama peke yake, si kipengele cha wiki ya mwisho, na iwatume wanafunzi bara wakajifunze herufi za mafundi hao. Bodi ya Filamu, ambayo hukagua filamu kabla hazijaonyeshwa, iangalie orodha ya majina kwa jicho lile lile inaloangalia mavazi ya waigizaji. Isiyo na majina kamili ya wote waliofanya kazi, yameandikwa kwa Kiswahili na kwa mwendo unaosomeka, isipewe kibali hadi irekebishwe.

Wauzaji na wenye vibanda wa Tabora, nanyi mna sauti. Msipokee mzigo msioweza kuuonyesha tangu jina la kwanza bila kushika rimoti.