Taarifa za Makumbusho Zihakikiwe Kabla ya Kuhamia Kanzidata Mpya

Kuhamisha taarifa za mikusanyo ya makumbusho kutoka kwenye madaftari, kadi na majedwali ya kompyuta kwenda katika kanzidata mpya huonekana kuwa jukumu la wataalamu wa TEHAMA. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla mfumo mpya haujaanza kutumika, nayo huwaangukia wahifadhi wanaozifahamu mali zenyewe. Katika hatua hiyo ndipo huamuliwa iwapo Taifa litaweza kuthibitisha mali iliyo yake.

Umuhimu wa uthibitisho huo si wa nadharia. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, kikaishia katika Makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, Uswisi. Kilirejeshwa Tanzania mwaka 2010, miaka 26 baadaye. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni unazitaka nchi wanachama kuwa na orodha ya taifa inayohuishwa, kwa kuwa mali isiyoorodheshwa ni vigumu kuidai. Suala hilo limepata uzito zaidi tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba radhi kwa maovu ya utawala wa kikoloni, wakati mjadala wa kurejesha mabaki ya mashujaa na malikale ukiendelea.

Hatua ya kwanza ya maandalizi ni kuhakiki namba za usajili. Namba moja isibebwe na vitu viwili, wala kitu kimoja kisiwe na namba mbili zisizohusianishwa. Majina hubadilika, namba hudumu. Fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey huko Oldupai mwaka 1959 lilipewa jina la Zinjanthropus boisei. Leo wataalamu wengi huliita Paranthropus boisei, lakini namba yake imebaki OH 5. Kanzidata isiyoyaunganisha majina hayo itamfanya mtafiti aamini kuwa kuna mafuvu mawili, au hakuna hata moja.

Majina ya mahali yana ugumu mkubwa zaidi. Kumbukumbu za enzi ya Wajerumani zinaitaja Lushoto kwa jina la Wilhelmstal, na Tukuyu kwa jina la Neu-Langenburg. Kitu kilichoandikwa kuwa kimetoka Mkoa wa Iringa huenda leo asili yake ni Njombe, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012; kilichoandikwa Mbeya huenda ni cha Songwe, mkoa ulioanzishwa mwaka 2016. Njia salama ni kuhifadhi jina la awali kama lilivyoandikwa, kisha kuongeza la sasa katika sehemu yake. Kulifuta la zamani ni kuharibu ushahidi wa lini na nani alikichukua kitu hicho.

Vivyo hivyo kwa tarehe na vipimo. Inchi zigeuzwe kuwa sentimita kwa utaratibu mmoja, na mwaka wa kukusanywa usichanganywe na mwaka wa kusajiliwa. Pale ambapo taarifa haipo, iandikwe kuwa haijulikani. Kisio likishaingia kwenye mfumo husomwa kama ukweli, na watakaolitumia baadaye hawatakuwa na njia ya kulitofautisha.

Baada ya uhakiki hufuata nakala rudufu ya taarifa zote, majaribio kwa kundi dogo la kumbukumbu, na ulinganisho wa idadi iliyotoka na iliyoingia. Ulinganisho huo hautoshi bila wahifadhi kwenda ghalani na kuthibitisha kuwa kitu kipo kwenye rafu iliyotajwa. Madaftari ya awali nayo yatunzwe, kwa sababu mwandiko na saini vina thamani ya kisheria ambayo jedwali halina.

Zipo pia taarifa zisizopaswa kuwa wazi kwa kila mtu: anwani za waliotoa vitu, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pamoja na mahali hasa yalipo maeneo ya malikale yasiyo na ulinzi. Viwango vya nani aone nini vipangwe kabla ya kuhama.

Kazi hii huhitaji muda na watumishi, na gharama yake haionekani kwa mgeni anayetembelea ukumbi wa maonesho. Itaonekana siku Taifa litakapotakiwa kueleza kitu fulani kilitoka wapi, kwa nani na lini.